Mashine ya TENS na bega linalouma: hilo lisaa la nafuu ulifanyie nini

"Daktari habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 52, ni fundi cherehani, nina sukari mwaka wa saba sasa natumia vidonge. Bega la kulia linaniuma huu mwezi wa tano, mwanzo lilikuwa linauma usiku tu, sasa hivi hata kufunga sidiria siwezi, nikivaa gauni mpaka binti yangu anisaidie. Mwanangu kaninunulia mashine ya TENS Kariakoo, ina pedi nne za kunata. Nikiweka napata nafuu kweli, ila nikitoa, baada ya kama lisaa maumivu yanarudi palepale. Aliyeuza alisema inafungua mishipa na wiki mbili nitakuwa nimepona, nimemaliza wiki tatu. Jirani yangu ananitisha eti umeme unaunguza mishipa na utanipandishia sukari. Je, niendelee? Niongeze nguvu? Niweke wapi hasa? Na huyohuyo jirani sasa anataka kuazima kwa ajili ya goti lake, inaruhusiwa?"

Pole sana dada yangu, hasa na hizo usiku, maana bega lina tabia moja mbaya, mchana linakuacha unahangaika na kazi zako halafu ukilala tu ndo linaamka. Kwanza nikurekebishe kidogo, mimi sio daktari, ni fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo), tunafanya kazi na madaktari lakini sindano na vidonge sio mezani kwangu. Mashine hizi za TENS, zinazopitisha umeme mdogo kwenye ngozi kutuliza maumivu, ndo mezani kwangu, nimezitumia miaka mingi, na nilipokuwa mwanafunzi tulilazimishwa kujiwekea wenyewe kabla ya kumwekea mgonjwa. Mwenzangu alinipandishia nguvu ghafla mkono ukaruka nikampiga kibao bila kukusudia, toka siku hiyo mgonjwa wangu namkabidhi kitufe ashike mwenyewe.

Naona una hofu mbili zinavutana hapo. Unaogopa inakuumiza, na unaogopa umedanganywa. Ya kwanza ondoa, karibu yote. Ya pili, mmh, nusu umedanganywa.

Shida inaanzia kwenye hili neno letu "mshipa". Sisi Waswahili mshipa ni kila kitu chembamba chembamba ndani ya mwili, unaopitisha damu ni mshipa, unaopeleka taarifa kwenye ubongo ni mshipa, kano inayoshika msuli kwenye mfupa nayo ni mshipa, hata ngiri watu wanaita mshipa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "inafungua mishipa" wewe unawaza kuna bomba limeziba huko ndani na umeme unakuja kulizibua. Hamna kitu kama hicho. TENS haizibui chochote, haiyeyushi mafuta, haitoi baridi wala gesi kwenye bega. Inaongea na aina moja tu ya mshipa, neva, na inachoongea nayo ni habari ya kugusa. Basi.

Sikiliza inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa maswali yako yote yanajijibu. Ukigonga kidole cha mguu kwenye kitanda usiku, unafanya nini? Unakishika unakisugua. Hakuna aliyekufundisha, hata mtoto wa miaka miwili anafanya hivyo, na mama yake akimsugua anaacha kulia. Sababu ni hii: neva zinazobeba mguso ni nene na zina kasi, taarifa inakimbia mita 35 mpaka 75 kwa sekunde, hakuna basi la mkoani linaloifikia. Neva zinazobeba yale maumivu ya kuuma taratibu, ya kukeketa usiku, ni nyembamba na zinajikokota, kama mita 1 kwa sekunde, yaani mtu anayetembea kwa miguu. Zote zinaenda kupita kwenye mlango mmoja ndani ya uti wa mgongo kabla ya kupanda kwenye ubongo. Sasa fikiria daladala saa kumi na mbili jioni, mlango mmoja, wakitangulia kuingia wengi wa mguso, yule wa maumivu anabaki nje anapiga bodi. Hajaondoka. Yupo kituoni. Ila hajapanda.

Hilo wazo la mlango lilitolewa mwaka 1965 na watu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza. Miaka miwili baadaye, 1967, Wall na mwenzake William Sweet wakatoa ripoti ya kujaribu umeme kwa wagonjwa wanane wenye maumivu sugu, na kabla ya hapo walianza kwa kujichomeka wenyewe kwenye neva za usoni, ndo maana nasema fizio akikuwekea kitu ambacho hajawahi kujiwekea muulize kwanini. Ingawa tukisema ukweli umeme na maumivu ni habari ya zamani zaidi, daktari mmoja wa Kirumi, Scribonius Largus, karne ya kwanza huko, alikuwa anawakanyagisha wagonjwa wa gauti juu ya samaki wa jamii ya taa anayepiga shoti, mpaka mguu ufe ganzi. Wewe umshukuru mwanao hajakuletea samaki.

Kwa hiyo unaona kwanini maumivu yanarudi baada ya lisaa? Mashine imetoka, foleni ya mguso imeisha, yule aliyebaki kituoni anapanda. Sio kwamba mashine mbovu wala wewe umekosea. Ndo kazi yake hiyo. Huyo muuzaji aliyekuahidi wiki mbili alikuuzia dawa ya maumivu akaiita dawa ya ugonjwa.

Na la jirani yako. Hizi mashine ndogo zinatumia betri, umeme wake unapimwa kwa miliampea, tena hautoki mfululizo, unatoka vipande vipande vifupi kweli, kipande kimoja chaweza kuwa sehemu ya elfu tano ya sekunde. Huo hauwezi kuunguza neva. Kinachoweza kuungua ni ngozi, na hapa sikufichi, nimeona ngozi iliyobabuka kwa sababu pedi ilikuwa imekauka na kujikunja kona moja, umeme wote ukapita kwenye kaeneo kadogo kama sarafu. Sukari haupandishi. Kinachopandisha sukari ni hizo usiku usizolala na dawa ya maumivu, kama unanunua dukani bila kumwambia daktari na ina steroidi ndani (dawa kali ya kushusha uvimbe), hiyo ndo ya kuulizia.

Sasa, inasaidia kweli au ni imani tu? Swali zuri na watu wa utafiti wanabishana mpaka leo. Mwaka 2022 ulitoka uchambuzi mkubwa kwenye jarida la BMJ Open, ulikusanya majaribio 381 ya TENS kwa maumivu ya kila aina, ukaona maumivu yanapungua kuliko kwa waliowekewa mashine ya uongo (ile taa inawaka lakini umeme hautoki), lakini hesabu hiyo ni ya wakati mashine iko mwilini au muda mfupi baada ya kutoa. Kama unavyoona wewe mwenyewe hapo nyumbani. Upande mwingine, Cochrane (watafiti wanaochambua majaribio ya tiba) mwaka 2016 walipitia majaribio 47 ya mashine za umeme na za mawimbi kwa bega lenye shida ya kano, wakasema ushahidi ni dhaifu, hatuwezi kusimama nao. Na Waingereza mwaka 2021 kwenye mwongozo wao wa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine waliandika wazi TENS isitolewe. Mimi nasimama wapi? Nasimama hapa: kama unaiweka ukisubiri ikuponye, rudisha dukani. Kama unaiweka ili upate lisaa limoja la kuchezesha mkono bila kulia, hiyo ni mashine nzuri na bei yake haijapotea.

Lakini ngoja kwanza, mashine tuiweke pembeni tuongelee bega lenyewe, maana naona hapa umeniambia mengi kuliko ulivyojua. Miaka 52, mwanamke, sukari, lilianza na maumivu ya usiku sasa linakataa kufika mgongoni. Dada, hiyo inanukia bega kuganda. Kiungo cha bega kimefunikwa na mfuko laini, kawaida umelegea unaacha nafasi, kama mkono wa kanzu. Kwenye ugonjwa huu mfuko unavimba halafu unakakamaa na kusinyaa, wewe ni fundi utanielewa haraka, ni kama nguo iliyoingia maji ya moto ikasinyaa, kwapa limebana mkono haunyanyuki. Kwa watu wa kawaida inatajwa wanapata 2 mpaka 5 katika mia, kwa wenye sukari ni 10 mpaka 20. Na huo mfuko hauhusiani na kukaa kwenye feni wala kuoga maji ya baridi usiku, najua umeambiwa hivyo.

Fanya kipimo hiki leo na binti yako. Kaa, bana kiwiko cha mkono mgonjwa kwenye ubavu, kikunje kama umebeba sinia, halafu peleka kiganja nje upande wa kulia bila kiwiko kuachana na ubavu. Kisha legeza kabisa mwache binti akusukume kiganja taratibu kwenda nje. Fanya na mkono mzima ulinganishe. Kama hata yeye akisukuma kinagota, kigumu kama mlango uliofungwa kwa ndani, hapo ni kuganda. Kama yeye anaweza kukipeleka lakini wewe mwenyewe huwezi kukipeleka wala kukishikilia pale, basi shida inaelekea kwenye zile kano nne zinazoshika bega na hadithi inabadilika. Kipimo cha nyumbani hakimalizi kazi, ila ukienda hospitali utaingia na jibu mkononi.

Bega lililoganda lina safari yake. Kuna kipindi cha maumivu makali, halafu maumivu yanapungua ugumu unabaki, halafu linaanza kufunguka polepole. Mwaka mmoja, wakati mwingine mpaka mitatu, na wenye sukari huwa linachelewa zaidi. Najua sio ulichotaka kusikia. Ila wengi linafunguka, na wanaolifanyisha mazoezi wanaishi vizuri zaidi njiani kuliko wanaofunga mkono kwenye kanga wakisubiri.

Haya, mashine. Oga au futa ngozi kwa maji na sabuni, kausha, usipake mafuta wala losheni, ukipaka mafuta ya nazi pedi haishiki na umeme unapita vibaya. Wewe una sukari kwa hiyo kabla ya kubandika chukua kipande cha pamba na ncha ya kalamu, mwambie binti yako akuguse navyo kwenye bega huku umefumba macho, utaje ni kipi. Ukibahatisha bahatisha, usiweke mashine hapo, kwa sababu hutajua ngozi ikianza kuungua. Mara nyingi ganzi ya sukari inaanzia miguuni bega linakuwa salama, lakini tupime tu.

Pedi mbili mbele ya bega na mbili nyuma, kuzunguka pale panapouma, zisigusane, ziachane angalau vidole viwili. Wengine wanaweka moja kifuani moja mgongoni kwa mtindo kwamba umeme upite katikati ya moyo, hapana, hiyo usifanye hata siku moja. Wala mbele ya shingo, wala shavuni. Kama mashine yako inaonyesha namba, Hz (mapigo kwa sekunde) weka kati ya 80 na 100 na µs (urefu wa kila pigo) karibu na 100 au 200. Kama ina picha picha tu za kukanda na kupiga ngumi (za Kariakoo nyingi ziko hivyo) chagua ile inayotoa mtetemo laini usiokatika katika, sio ile inayorusha msuli.

Nguvu sasa, na hapa ndo watu wengi wanakosea pande zote mbili. Kuna anayeweka kidogo mpaka haisikii, huyo anapoteza betri, foleni ya mguso haijajaa mlangoni. Na kuna anayeweka mpaka anakunja uso akiamini dawa chungu ndo inatibu. Unachotaka ni kusikia kama sisimizi wengi wanapita kwa nguvu, wazi kabisa, lakini unaweza kuongea na mteja huku unatabasamu. Baada ya dakika kumi hivi utaona kama wamepungua, ni neva zimezoea, ongeza kidogo. Msuli ukianza kuruka umepitiliza, shusha. Nusu saa mpaka lisaa inatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Usilale nayo, usioge nayo, usiendeshe nayo wala bodaboda, na usishone nayo dada, mkono ukiruka kwenye sindano ya cherehani tutaongea habari nyingine.

Na mwili unazoea. Ukiitumia kila siku kwa namna ileile, wiki kadhaa mbele utasema imekufa wakati betri nzima. Ubadilishe badilishe, siku nyingine weka ile ya polepole, Hz 2 mpaka 5, kwa hii tu msuli kugonga gonga kama mapigo ni sawa, kwa dakika ishirini. Hiyo inapita njia nyingine, inaamsha dawa za maumivu ambazo mwili wenyewe unatengeneza, nafuu inachelewa kuja lakini wengine inawakalia zaidi.

Tuje kwenye lisaa lako. Wewe sasa hivi unaweka mashine, unakaa kwenye kochi, unapata raha, unatoa, unaumwa. Badilisha. Weka, subiri dakika kama ishirini mpaka pametulia, halafu ikiwa bado mwilini anza kazi. Inama, mkono mzima ushike meza, mgonjwa uning'inie kama kamba ya kisimani, uuache uzunguke viduara vidogo kwa uzito wake, usiulazimishe. Halafu kaa mbele ya meza ya kukatia vitambaa, weka kitambaa chini ya kiganja, sukuma mbele kama unafuta meza mpaka pale panapovuta, hesabu kumi, rudi. Halafu chukua mti wa ufagio, ushike mikono miwili viwiko vimebana ubavuni, mkono mzima uusukume ule mgonjwa kwenda nje. Mwisho simama mbele ya ukuta upandishe vidole kama buibui, palipogota weka alama ya chaki ya kushonea na tarehe. Hiyo chaki usiidharau, siku utakayokata tamaa utaenda kuangalia ukutani utaona alama ya mwezi uliopita iko chini. Kila zoezi mara kumi, mara mbili au tatu kwa siku. Maumivu ya kuvuta yanayokwisha ukiacha ni sawa, ila ukiamka kesho yake bega linawaka kuliko jana basi ulilazimisha, punguza.

Nisikufiche kuna vitu vingine. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo inasaidia watu wengi na haina betri, ila kwa mwenye sukari jaribu joto kwanza kwa upande wa ndani wa kiwiko. Diklofenaki (dawa ya maumivu) kila siku miezi mitano, hapana, na figo zako za sukari hapana kabisa mpaka daktari aseme. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo, watu wanaiogopa kuliko inavyostahili, kwenye kipindi hiki cha maumivu inaweza kukupa nafuu ya wiki kadhaa ambayo mashine haiwezi, lakini itapandisha sukari yako siku kadhaa kwa hiyo inafanywa na daktari anayejua una sukari na wewe unapima nyumbani asubuhi na jioni. Ningekuwa wewe, usiku ukiendelea kuwa hivyo, ningeulizia. Ya kuchuliwa na mtu anayevuta mkono mpaka ulie sipendi, nimepokea bega moja lililovutwa hivyo likarudi nyuma miezi.

Na hata bila sindano, nataka ufike hospitali mara moja uonwe, ya wilaya au ya mkoa, uulizie idara ya fizio, wakupime bega na waangalie wastani wa sukari yako ya miezi mitatu. Usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo, kama maumivu yanakuja na kifua kubana, jasho la baridi, kukosa pumzi, au yanakuja ukipanda ngazi na kuacha ukipumzika, maana moyo unajua kujificha kwenye bega, zaidi la kushoto ila hata la kulia, na kwa mwenye sukari unajificha vizuri zaidi. Bega likiwa la moto, limevimba na una homa, nenda. Umeanguka na mkono haunyanyuki, nenda. Kupungua uzito na kutoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, hiyo ni TB au kitu kingine mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na kama kiganja kinakufa ganzi au vitu vinakudondoka mkononi, hapo huenda shida iko shingoni, utakuwa unaliwekea bega pedi bure.

Tumalizie na jirani. Muulize kwanza kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani, kama ana kifafa, kama aliwahi kuambiwa damu imeganda mguuni au mguu huo umevimba sasa hivi, kama ana saratani sehemu hiyo. Kukiwa na ndiyo hata moja aende akaulize hospitali kwanza. Vyuma alivyowekewa kwa ajili ya mfupa uliovunjika sio tatizo kubwa kwa TENS, watu wanaogopa bure. Kama yote hapana, muazime mashine, ila pedi anunue zake, zinabeba jasho na uchafu wa ngozi na upele wa mtu mmoja unahamia kwa mwingine. Zako ukimaliza paka tone la maji safi kwenye gundi, rudisha kwenye plastiki yake, weka mbali na jua. Zikiacha kunata ujue ni mbovu, usizibane na plasta, hizo ndo zinazobabua.